Kihisi cha misumari kimemwaga pipa zima usiku, nyanya zinanyauka. Kosa liko wapi?

#1 NdooSita
Wakuu habari za jioni. Nina nyanya kwenye ndoo sita za lita 20 uani, huku Mbagala. Mwezi uliopita nilitengeneza mtambo wa kuzimwagilia wenyewe: Arduino Uno (ubao mdogo wa kielektroniki unaouandikia programu), rilei ya volti 5 (swichi inayowashwa na umeme), ile pampu ndogo ya kuzama majini ya volti 5, na kihisi cha misumari miwili ya inchi nne niliyoichomeka kwenye ndoo moja ya katikati, imeachana upana wa vidole viwili. Msumari mmoja unapata volti 5, wa pili unaingia A0, pini ya kupimia volti, na rezista ya 10k inatoka A0 kwenda hasi. Udongo ukilowa nasoma 700 na kitu, ukikauka inashuka hadi 200. Programu ni fupi: chini ya 400 washa pampu, juu ya 400 zima.

Wiki tatu imefanya kazi vizuri mno. Nilikuwa naamka naenda kugusa udongo kabla ya kunawa uso. Ijumaa mchana nikaenda msibani Morogoro, nikarudi Jumatatu. Pipa la lita 60 tupu, pampu imeungua, ndoo zimejaa tope hadi juu, na nyanya nne zimelala, majani ya chini yamegeuka njano. Zilikuwa zimeshatoa maua. Imeniuma sana.

Mdogo wangu aliyebaki nyumbani anasema Jumamosi usiku alisikia rilei ikilia "tka, tka, tka" karibu mpaka alfajiri. Naomba nijue kosa liko wapi kabla sijapanda tena.

#2 FundiRezista
Pole mkuu. Chomoa misumari utueleze ikoje. Hasa ule wa volti 5. Nina hakika umeliwa.

#3 NdooSita
Nimechomoa sasa hivi. Ule wa volti 5 sehemu ya chini imekonda kama kijiti cha meno, umevaa tope la kahawia lenye weusi, ukikwangua kwa kucha linatoka. Ule wa pili mzima kabisa, ila una ukoko mweupe kama wa ndani ya birika la chai.

#4 FundiRezista
Kesi imekwisha. Umeacha umeme wa upande mmoja upite kwenye udongo wenye maji usiku na mchana kwa wiki tatu. Msumari wa chanya chuma chake kinayeyuka kidogo kidogo kuingia udongoni, na hilo tope la kutu linaufunika. Umeme unapita kwa shida, kwa hiyo A0 inasoma namba ndogo, na programu yako inaamini udongo umekauka hata kama ndoo imejaa. Ikamwaga, ikamwaga, haikufika 400 tena.

Dawa yake: usiwashe misumari muda wote. Msumari wa chanya uchukue umeme kutoka pini ya kawaida, mfano D7. Washa, subiri kidogo, soma, zima. Mara moja kila dakika 20 inatosha, nyanya haikauki kwa sekunde. Na kila baada ya kusoma, geuza chanya iwe hasi ili kuliwa kugawanyike kwa misumari yote miwili.

#5 PwaniYetu
Mimi nasema chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na humo watu wanaongeza mbolea. Chumvi ikijaa kwenye ndoo kihisi kinachanganyikiwa. Mkuu unamwagilia maji gani?

#6 NdooSita
@PwaniYetu ni ya kisima, ukionja yana chumvi kidogo. Na nilitia mbolea ya CAN wiki ya pili, kifuniko kimoja cha soda kwa kila ndoo.

#7 DadaSaketi
@PwaniYetu hoja yako inakwenda kinyume na kilichotokea. Chumvi inapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo kihisi cha namna hii kingesoma namba KUBWA, kingedhani udongo umelowa na kugoma kumwagilia. Yake ilimwaga bila kikomo. Chumvi inaweza kuwa imeharakisha kuliwa kwa msumari, hapo nakubali.

Ila @FundiRezista nawe umefunga kesi mapema. Kama msumari ulikuwa umeliwa na namba iko chini muda wote, pampu ingewaka na kubaki imewaka. Rilei ingelia mara moja tu. Huo mlio wa "tka tka" usiku kucha unatoka wapi?

#8 FundiRezista
Dada umenibana vizuri. Labda namba ilikuwa inachezea pale pale 400, mara 398 mara 403. Hana nafasi kati ya kuwasha na kuzima.

#9 DadaSaketi
Hilo linawezekana. @NdooSita weka mistari miwili tofauti. Washa ikishuka chini ya 350, usizime mpaka ipite 550. Halafu weka kikomo cha muda: pampu isifanye kazi zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, kisha isubiri dakika 20 maji yazame ndipo isome tena. Kikomo hicho peke yake kingekuokolea nyanya, liwe kosa la msumari au la kitu kingine chochote.

#10 JiraniWaRongai
Salamu kutoka Kenya. Nina sukuma wiki kwenye magunia na nimepitia hayo yote. Swali langu ni moja: hilo pipa limekaa juu ya nini? Na mdomo wa mpira uko wapi ukilinganisha na maji ya kwenye pipa?

#11 NdooSita
@JiraniWaRongai pipa liko juu ya stuli ya mbao, kimo cha goti na zaidi. Mpira unapanda juu ya ukingo wa pipa, unashuka, unagawanyika kwenda ndoo sita. Zamani nilitumia ndoo ya kawaida iliyokaa chini sakafuni. Pipa nililileta Alhamisi kwa sababu ya safari.

#12 JiraniWaRongai
Basi hapo! Pampu ilianzisha tu. Maji yakishajaa mpira na mdomo wa mpira uko chini kuliko maji ya pipa, hata ukizima pampu yanaendelea kujivuta yenyewe mpaka yaishe. Ni vile vile watu hufyonza mafuta kwenye tanki la gari. Mimi ilinimalizia jerikeni mbili nikiwa kazini, na stima ilikuwa imepotea siku hiyo, kwa hiyo siwezi kulaumu mtambo.

Jaza pipa, anzisha maji, chomoa umeme wote, kisha utazame.

#13 Dogo_Chuo
Duh, huu uzi mtamu kuliko somo la maabara. Naweka mkeka.

#14 NdooSita
Nimejaribu jioni hii. Pampu imekufa, kwa hiyo nilifyonza mpira kwa mdomo, nikauachia kwenye beseni. Umeme umechomolewa kabisa. Maji yalitiririka yenyewe dakika tisa bila kupungua kasi, nikaona inatosha, nikauinua mpira juu ndipo yakakoma. Nimekaa kwenye stuli nikishangaa. Wakati ule wa ndoo ya sakafuni isingewezekana, maji yalikuwa chini ya mdomo wa mpira.

#15 JiraniWaRongai
Toboa kitundu kwa sindano kwenye mpira pale unapopanda juu kabisa, kabla haujashuka, sehemu ambayo maji ya pipa hayafiki. Pampu ikiwaka patatoka matone machache, yaelekeze yarudi pipani. Pampu ikizimwa hewa inaingia hapo na maji yanakatika. Ama ushushe pipa chini, ndiyo njia ya uhakika zaidi.

#16 FundiRezista
Nakubali maji yanajivuta. Lakini mlio je? Na muda? Pampu hizi ndogo zinatoa kama lita 80 hadi 120 kwa saa. Kwa kujivuta ni polepole zaidi, lakini lita 60 zisingechukua siku nzima. Kama yalianza Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi pipa tupu. Muulize mdogo wako aliona nini Jumamosi.

#17 NdooSita
Nimemuuliza. Anasema Jumamosi mchana alichota maji ya kuoshea mikono humo, na yalikuwa "kama nusu". Anaapa.

#18 DadaSaketi
Hapo ndipo ninapoleta langu. Umeme wa Arduino na wa pampu unatoka wapi? Chaja moja ya simu?

#19 NdooSita
Ndiyo dada. Chaja moja. Waya wa Arduino na wa pampu vimeungana hapo hapo.

#20 DadaSaketi
Pampu ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inazama, Arduino inazimika na kuwaka upya. Ikiwaka inasoma tena, inaona udongo mkavu, inawasha pampu, volti inazama tena. Tka, tka, tka. Na kuna jambo wengi hawalijui: rilei hizi nyingi zinawaka pini ikiwa CHINI, yaani volti 0. Ukiandika pinMode (amri ya kuifanya pini iwe ya kutoa) kwanza na digitalWrite (amri ya kuiweka juu, HIGH, au chini) baadaye, pini inapogeuka kuwa ya kutoa inaanza ikiwa chini, rilei inajiwasha kidogo kila Arduino inapoamka. Geuza mpangilio: digitalWrite ya HIGH kwanza, pinMode ifuate.

Pampu ipe chaja yake, hasi za chaja zote mbili ziungane ikiwa rilei yako inahitaji hivyo, na uweke dayodi ya 1N4007 kwenye nyaya za pampu, mstari mweupe uelekee chanya. Motoa ikizimwa inarusha umeme kinyume, na dayodi inaumeza.

#21 AfisaUganiMstaafu
Vijana nawasoma tangu jana. Mmeshughulika na waya tu, mmea mmeusahau. Nani amesema nyanya zimeuawa na maji? Nyanya ikizidiwa maji mizizi inakosa hewa, majani ya chini yanageuka njano na vikonyo vinainama kuelekea chini. Lakini nyanya inaweza kulala ghafla kwa mnyauko wa bakteria, na huo unapenda sana udongo wenye joto na maji mengi. Mtambo unaweza kuwa umefungua mlango tu, mgeni akaingia mwenyewe.

Kata shina moja karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, mwisho uliokatwa ukiwa ndani ya maji. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina. Na usitupe udongo huo kwenye ndoo nyingine.

Halafu tuambie, zile mbili zilizosalimika zina tofauti gani na nne?

#22 NdooSita
Shikamoo mzee. Nimefanya asubuhi hii kwenye mwanga wa dirisha. Maji yamepata ukungu hafifu, lakini nyuzi zenyewe sikuziona zikishuka. Sijui kama ni utomvu.

Zile mbili zilizosalimika ziko mwisho wa mpira, maji yalikuwa yanafika kidogo. Halafu udongo wake nilichanganya mchanga mwingi, zile nne ni mfinyanzi na samadi. Na miche yake niliinunua siku nyingine.

#23 AfisaUganiMstaafu
Marahaba. Basi umetupa sababu tatu kwa mpigo na hakuna hata moja ya kuitupa. Rudia kwa shina la pili, tumia glasi isiyo na rangi na weka karatasi nyeusi nyuma yake.

Na huo mfinyanzi nao una neno. Ukikauka unasinyaa na kuachana na msumari. Panabaki uwazi mwembamba, na msumari uliozungukwa na hewa utasoma "kavu" hata maji yakiwa vidole viwili pembeni.

#24 PwaniYetu
Kwa hiyo chumvi yangu imekufa kabisa? 😀

#25 DadaSaketi
Haijafa kaka, ipo kwenye ule msumari uliokonda. Tunaiheshimu.

#26 BibiMikungu
Wanangu, mie niko Unguja, nna mauwa na pilipili barazani. Sina rilei wala pampu. Nimefukia mitungi midogo ya udongo isiyotiwa rangi, shingo tu ndiyo iko juu, nimeifunika kwa kifuu. Najaza kila siku ya tatu au ya nne. Mtungi unatoa jasho taratibu, udongo ukikauka unavuta, ukilowa unaacha. Hauhitaji kuambiwa chini ya mia nne.

#27 Dogo_Chuo
Shikamoo bibi. Huo mtungi ni kihisi na pampu kwa pamoja!

#28 Mbali_Muscat
Bi Mikungu umenikumbusha nyumbani. Huku Omani wana falaji, mifereji inayoteremsha maji ya chemchemi na ya chini ya ardhi kwa mteremko tu mpaka kwenye mitende. Mitano kati yake iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya maji, mchana wakipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota.

#29 Mrombo_Asili
Na sisi Kilimanjaro tuna mifongo, mifereji yetu ya asili. Zamu ya maji ukiikosa, subiri mpaka ikuzungukie tena. Babu yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku na taa ya chemli kwenda kufungua mfongo. Turudi kwenye mada.

#30 Iringa_Mbugani
Mada ndiyo hii. Huku Iringa, kwenye skimu za Kiwere na Magozi, wakulima waliletewa kihisi kinachoitwa Chameleon, cha watafiti wa Australia. Hakikupi namba, kinakupa rangi ya taa. Buluu udongo umelowa, kijani wastani, nyekundu umekauka, na kinapima vina kadhaa chini ya ardhi. Jambo lililowashangaza wengi ni kukuta buluu huko chini wakati juu pamekauka. Walikuwa wanamwagilia kupita kiasi na kusukuma mbolea chini ya mizizi. Watu wakaanza kuruka zamu.

Ndoo ya @NdooSita misumari yake imeingia kina gani?

#31 NdooSita
Sentimita saba hivi. Kumbe nilikuwa nasoma ngozi ya juu tu. Ndoo ina kina cha zaidi ya thelathini.

#32 FundiRezista
Tuhamie kwenye kihisi cha jipsamu basi. Hakihitaji bei. Unga ule ule wa jipsamu wa dari, hata wa Makanya. Profesa Bouyoucos wa Michigan alieleza njia hii na mwenzake mwaka 1940 na bado inatumika.

Mimi nilifanya hivi. Nilikata bomba la sindano la mililita 5, nikalipaka mafuta ndani. Nikachukua vijiti viwili vya kaboni kutoka betri kuukuu za tochi, zile za bei rahisi, maana za alkalaini hazina kijiti hicho. Nikavisimamisha sambamba bila kugusana, nikamimina uji wa jipsamu mzito kama wa ulezi, nikagongagonga viputo vitoke. Baada ya siku mbili nikasukuma, kikatoka kipande cheupe kama chaki. Unakiloweka, unakifukia kwenye mizizi na tope la udongo ule ule ili kishikane vizuri.

Udongo ukikauka unanyonya maji ya kwenye jipsamu, ukilowa unairudishia, na wewe unapima ndani ya jipsamu. Chumvi ya udongo haikusumbui sana kwa kuwa jipsamu ina chumvi yake ya kudumu. Kaboni hailiki kama chuma.

#33 AfisaUganiMstaafu
Nzuri, lakini mwambie na upande wa pili. Ni kizito kuitika, kinaweza kuchukua saa kadhaa. Kwenye mchanga mmea utakuwa umeumia kabla hakijasema. Na kinayeyuka, utakibadilisha.

#34 JiraniWaRongai
Mimi nilinunua kile bapa cheusi cha kapasita, kinapima bila chuma kugusa udongo, kwa hiyo hakuna kutu. Mimi kinasoma 560 hewani na 270 kikiwa kwenye glasi ya maji. Namba zinakwenda kinyume na za misumari, kikilowa zinashuka, usisahau kugeuza alama kwenye programu! Pima chako mwenyewe, havifanani.

Tahadhari mbili. Angalia kichipu chake: kikiwa NE555 kinahitaji volti 4.5 kwenda juu na kitasumbua kwenye 3.3, kikiwa TLC555 kiko sawa. Na kingo zake zinafyonza maji pembeni, zipake rangi ya kucha mara mbili. Nilitumia ya dada yangu, nyekundu. Ameshanidai.

#35 Dogo_Chuo
Mimi natumia ESP32, ubao kama Arduino ila wenye WiFi, ili nione unyevu kwenye simu. Kihisi kinasoma vizuri mpaka niwashe WiFi, hapo kinagoma. Kimekufa?

#36 DadaSaketi
Umekichomeka pini gani? WiFi ikiwaka, kundi la pili la pini za kupimia halitumiki. Hamia pini 32 hadi 39.

#37 Dogo_Chuo
Nilikuwa 25. Nimehamia 34, kinasoma! Asante sana dada.

#38 NdooSita
Wakuu mrejesho. Nimerudia shina la pili na karatasi nyeusi kama mzee alivyoelekeza. Safari hii niliona kitu kama uzi mmoja mwembamba kwa sekunde chache, mdogo wangu anasema hakuona. Nimezing'oa zote nne, udongo nimeufungia kwenye gunia.

Mtambo nimeujenga upya: pipa sakafuni, kitundu juu ya mpira, pampu mpya yenye chaja yake, dayodi, mistari 350 na 550, kikomo cha sekunde 10, misumari mipya inayowashwa wakati wa kusoma tu. Nikauacha usiku kwenye ndoo yenye udongo mtupu uliolowa, nikaweka hesabu ya kila Arduino inapowaka upya. Asubuhi hesabu ilisema mara 4. Pampu haikumwaga, udongo umelowa kama nilivyouacha. Lakini kwa nini iwake upya mara nne na pampu haijaguswa?

#39 FundiRezista
Chaja hiyo ya Arduino mbovu. Badilisha.

#40 DadaSaketi
Au waya umelegea kwenye ubao wa kuchomekea. Uguse mmoja mmoja.

#41 Iringa_Mbugani
Mkuu, hiyo soketi unayochomeka chaja ina kitu gani kingine?

#42 NdooSita
Waya wa kurefushia wenye matundu matatu. Chaja mbili na friji. Friji ya zamani, ikishtuka hata taa inapepesa.

Leo nikilala naizima friji saa nne usiku, namba niwaletee asubuhi. Chaja nayo nabadilisha kesho kutwa, si zote kwa pamoja, la sivyo hatutajua ni ipi.

#43 BibiMikungu
Samaki wasiharibike tu mwanangu. Na mtungi nikufinyangie?

#44 NdooSita
Nifinyangie miwili, bibi. Zile nyanya mbili zilizobaki nataka nizipe wewe moja, mtambo moja.